Faida, Hawa Mbwa Wako

Dada Faida,

Nianze kwa kukugombeza, salamu utazipata baadaye. Mtu anayejua presha inampanda kila wiki, anayejua rafiki yake ni Mwislamu, mtoto wa duka la vitenge, mwenye kaka anayeswali swala tano msikitini na ya sita angeiswali kama ingekuwepo, mtu huyo anakufa vipi na kuacha mbwa wawili? Ungeacha mbuzi, ningekuelewa. Ungeacha kuku, wangeliwa siku hiyo hiyo ya msiba na mambo yangeisha. Wewe umeniachia Bizhu na Kapteni, kila mmoja mkubwa kama kiatu cha askari, wana mikanda shingoni na kamba za kutoka Ulaya, katika mji ambao mbwa akionekana barabarani watoto wanaokota mawe bila hata kuacha kutafuna.

Nakugombeza kwa sababu nikiacha nitalia, na leo nataka kumaliza kuandika kwanza.

Haya, salamu. Hapa Rumonge tuko wazima. Cherehani yako haipo tena kwenye baraza la duka letu. Kaka Hamadi aliweka pale mabunda ya vitenge, kisha akayaondoa, kisha akaweka kiti ambacho hakuna mtu anayekikalia. Ukimuuliza anasema kiti kimekosa nafasi ndani. Wateja wa kutoka Bugarama, wale wanaoshuka mara moja moja, bado wanafika na kitambaa mkononi na kuuliza fundi yuko wapi. Mimi ndiye ninayewaambia. Nimeshawaambia wengi, na sentensi ile bado inanikwama.

Ziwa limezidi kupanda. Njia yetu ya ufukweni imekwenda na maji. Pale ulipokuwa unakaa kwenye mtumbwi mbovu kukung'uta mchanga viatuni, sasa maji yanamfika mtu mzima kiunoni, na nyumba mbili za mbele zimebaki kuta tupu. Kwa hiyo mbwa wako hawana tena pa kutembea palipojificha. Inabidi tupite mtaani, katikati ya watu, na katikati ya watoto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ulipowaleta naikumbuka vizuri. Yule mzungu wa mradi wa samaki, uliyekuwa unampigia pasi, alikuwa anarudi kwao, na hakuna aliyetaka mbwa wasioweza kumtisha hata paka. Ukatokea barazani na kikapu, ndani yake vichwa viwili vinachungulia. Hamadi akatoka, akaangalia, akaanza kusoma dua kwa sauti. Ukamwambia mbele ya wateja, "Hamadi, usiogope. Haziume. Ziko ndogo kuliko zambi zako." Hamadi hakukusemesha wiki nzima. Lakini ndani ya wiki ile ile alikuletea suruali yake ya kupunguza, akaiweka juu ya cherehani bila neno, na wewe ukaipunguza bila neno.

Mimi nilitembea nawe kwa ajili yako, si kwa ajili yao, na unajua hivyo. Kila jioni tukishafunga duka, wewe upande wa ziwa, mimi upande wa nyumba, mbwa katikati wakivuta kila mmoja kwake. Mbwa mkavu na nguo kavu hakuna neno, hilo tulishaelewana. Shida ni mbwa aliyelowa, na mbwa wako walipenda maji kuliko bata. Walipotaka kujitikisa ulikuwa unajua kabla yangu, unanisukuma pembeni kwa kiwiko hata kabla hawajaanza. Ulizilinda nguo zangu za swala miaka yote ile kuliko nilivyozilinda mimi. Sikuwahi kukushukuru kwa viwiko vile, basi nakushukuru sasa.

Siku tuliyokuzika, watu wametoka makaburini, wamenawa mikono, wamekaa na Fanta zao, kaka yako Ezekieli aliyevuka ziwa kutoka Uvira akauliza nani atawaangalia mbwa mpaka siku ya kuondoa matanga, mwaka ukitimia. Kila mtu akawa anaangalia chupa yake. Nikasikia mtu anasema, "Mimi." Nikageuka nimtazame mpumbavu huyo ni nani, kumbe ni mimi.

Hamadi alisubiri tufike nyumbani. Akasema, "Watembeze ukitaka, Zuhura. Lakini geti langu hawaingii." Basi wakabaki uani kwako, nyumba imefungwa, ufunguo wa uani ninao mimi. Mchana nawapelekea ugali na makombo, jioni nawatembeza.

Nikaanza na mwanzi. Usicheke. Nilikata mwanzi mrefu, nikafunga kamba zote mbili kwenye ncha, nikawa nimeshika huku mwisho, mbwa wako mbele huko kwa mbali, mimi na buibui langu nyuma kwa usalama. Sikufika hata mbele ya duka la mkate. Yule Mwajuma, binti wa muuza mkate, ana miaka tisa hivi na sauti ya mtu wa sokoni, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Mukuje muone! Bibi iko navua mbwa!"

Wakaja. Dada, sijui watoto wa mtaa huu huwa wanakaa wapi kabla hawajatokea. Walitoka kwenye mageti, juu ya miti, chini ya malori. Wengine na mawe mkononi, kwa mazoea tu. Nikawaambia atakayetupa jiwe nitamjua mama yake na bibi yake. Wakaona basi kama hawawezi kuwapiga, heri wawashike. Kila mmoja akataka kushika mwanzi. Walipong'ang'ania wote, mbwa wakapita katikati ya miguu yao, wakazunguka, wakarudi, na kabla sijasema kitu nilikuwa na watoto saba waliofungwa fundo moja na mbwa wawili ndani yake, na Kapteni wako anamlamba sikio mmoja wao, Fiston.

Mwajuma ndiye aliyeleta utaratibu. Alitangaza kwamba kila mtoto atashika mwanzi kutoka nguzo moja ya umeme, wenyewe wanaita poto, hadi nyingine. Ulikuwa utaratibu mzuri, ukadumu siku moja. Siku ya pili Fiston alifika kwenye mpapai, akadai siyo poto ili aendelee, na mpapai haukuwa poto kweli, lakini poto lenyewe alikuwa ameshalipita akiangalia juu. Wakapigana. Mbwa wako wakakaa chini wakingoja, kama wazee kwenye kikao.

Na kinyesi, Faida. Hilo hukuniambia. Wewe njia yako ilikuwa ya mchangani, unafukia kwa kiatu unaendelea. Mimi nipo mbele za watu. Mjukuu wa Waarabu wa Oman, ambaye mama yangu hakuniruhusu hata kula barabarani, nikawa natembea na kijembe na mfuko wa majivu. Bizhu ana adabu, anatafuta majani. Kapteni hachagui. Anasimama pale pale mawazo yanapomjia, na watoto wanatangaza kabla hajamaliza: "Bibi! Bibi! Kapteni iko nafanya!" Kisha wanagombea heshima ya kumwaga majivu. Siku moja walimwaga mfuko mzima, upepo wa ziwani ukavuma, tukarudi nyumbani wote weupe, mbwa pia, mimi mpaka kope.

Barabara ya kituo cha esansi nayo ni mtihani mwingine. Unajua esansi haipatikani. Magari yanalala kwenye foleni, madereva wamechoka, hawana la kufanya, halafu nafika mimi na mwanzi wangu, mbwa wawili na kundi la watoto. Kuna dereva wa lori la mawese aliyeniuliza, "Mama, hizo ni mbwa ao ni panya ya Ulaya?" Nikamjibu kwamba wenzake wanaenda kwa miguu minne na wameshampita yeye mwenye matairi sita. Foleni nzima ikacheka. Nilitembea hatua chache nikijisifu, kisha nikakumbuka kwamba jibu lile ni lako, ni namna yako ya kujibu. Mimi zamani ningeinamisha kichwa nikapita.

Sasa nikuambie kuhusu mawese, maana hili ungelipa ili uone.

Unalijua lile shimo karibu na kinu cha kukamulia, wanapomwaga maji machafu ya mawese. Kapteni aliona kenge, au aliona kitu alichodhani ni kenge. Akauvuta mwanzi kutoka mikononi mwa Fiston, akaingia shimoni mzima mzima. Ikabaki pua, na Bizhu ukingoni amekaza miguu. Fiston, kwa kuwa ilikuwa zamu yake na aliogopa Mwajuma kuliko shimo, akaingia kumtoa. Mtoto wa tatu akamshika Fiston mkono, akateleza. Mwajuma akabaki ukingoni anatoa amri. Nilitupa buibui mabegani, nikaudaka mwanzi, nikauelekeza kwao, nikawavuta mmoja mmoja, wote rangi ya chungwa kuanzia nywele hadi vidole, na Kapteni wa mwisho, rangi ile ile, macho tu yanaonekana.

Na unajua mbwa anafanya nini akitoka majini. Hukuwepo kunisukuma.

Tulipita mtaani hivyo. Akina mama wakatoka mageti yote. Mama wa Fiston alimwangalia mwanawe, akaangalia yunifomu ya kaki ambayo ilikuwa ya kuvaa kesho yake shuleni, akaniangalia mimi, na kwa heshima yangu akasema tu, "Murakoze, Bibi," asante ya Kirundi, kwa sauti ambayo ningependelea anitukane. Nikamwambia sabuni ni juu yangu. Nikachukua miche ya sabuni dukani, nikawapeleka wote ziwani, mbwa na watoto, nikasimama kwenye mchanga na mwanzi wangu nikiamuru nani asuguliwe wapi. Maji yakawa na mafuta mpaka wanawake wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wakahamisha nyavu zao za kuanikia, wakinilaani kwa Kirundi polepole ili nisielewe. Nilielewa yote.

Hapo ndipo nilipocheka. Fiston alikuwa anamsugua Kapteni, Kapteni anamlamba, Fiston anafungua mdomo kulalamika na Kapteni anamlamba mdomoni. Nikacheka mpaka nikashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nikageuka pembeni, upande wako, kukuambia, "Umeona?" Nikageuka kabisa, dada, mdomo umeshafunguka. Upande ule hapakuwa na mtu.

Nilikaa mchangani. Watoto wakanyamaza, maana hawajawahi kuniona nimekaa chini. Mwajuma akaja akasimama karibu, hakunigusa kwa sababu ya mafuta, akasema, "Bibi, unalilia Mama Faida?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi lia, sisi tutawashika." Wakawashika mpaka nilipomaliza.

Tangu siku hiyo nikaelewa kilichonitokea. Nilidhani nawatembeza kwa ahadi tu, kwa sababu nilisema "mimi" mbele za watu. Kumbe saa ile ya jioni ndiyo saa pekee niliyobaki nayo nawe. Asubuhi ni ya duka, mchana ni wa wateja, usiku ni wa Mungu. Ile saa ya kamba na majivu ilikuwa yako.

Kwa hiyo Ezekieli aliponipigia simu, mwaka unakaribia kutimia, akili yangu iliruka. Alisema kwa upole, kwa namna yenu ya Uvira: "Mama Zuhura, nyumba imepata mutu wa kupanga. Siku tunaondoa matanga, zile mbwa kuko muzee mumoja wa Nyanza-Lac atazichukua, alinde nazo shamba. Umeshateseka ya kutosha." Alidhani ananipunguzia mzigo. Nikasema sawa, asante, nikakata simu. Kisha nikawauliza wachuuzi wanaokwenda kununua mawese kule. Wakaniambia mzee huyo si mtu mbaya, lakini mbwa wake wanafungwa mnyororo kwenye mchikichi mchana na usiku, na hawadumu. Wale wako wamezoea kulala juu ya vipande vya vitenge.

Nikamwendea Hamadi. Nilimkuta anapima kitambaa ambacho hakuna aliyeomba kupimiwa. Nikamweleza yote. Akasema dini inaruhusu mbwa wa ulinzi, mbwa wa kuwinda na mbwa wa mifugo, na hao wanalinda nini? Nikasema wanalinda. Akasema, "Basi waonyeshe ulinzi wao." Wafungwe nyuma ya ghala letu, nje ya ukuta, yeye atakuja kabla ya magharibi akiwa amejifunika gunia kichwani kama mwizi. Wakibweka, watajengewa kibanda nje ya ukuta, wabaki. Wasipobweka, waende Nyanza-Lac.

Siku hiyo watoto walijua kabla yangu. Walikaa juu ya ukuta wote. Fiston alikuwa ametumia mchana kutwa kuwafundisha mbwa kubweka, yaani yeye alibweka na wao walimwangalia. Hamadi akatokea kwenye kona, gunia mpaka mabegani, anatembea kwa kunyata, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

Bizhu akainua kichwa. Akasimama. Kisha mkia ukaanza, na mwili wote ukafuata mkia, akamkimbilia mpaka kamba ikakaza, akalala chali miguuni kwake na tumbo juu. Kapteni naye akamrukia magoti, akalia kwa furaha, akamlamba mkono wote hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyebweka. Wangeweza kumbeba wakampeleka ghalani wenyewe.

Watoto wakaanza kucheka, kisha Mwajuma akasema kwa sauti yake ile, "Baba Hamadi, banakujua!" Na kweli walimjua. Nilimwangalia kaka yangu na gunia lake, nikakumbuka kwamba mwaka mzima nimekuwa nikishangaa kwa nini mbwa hawana njaa mchana, na kwa nini uani kwako kuna miiba ya samaki wa mikeke ambayo sikuipeleka mimi. Njia ya kutoka msikitini alfajiri inapita getini kwako.

Hamadi aliondoa gunia. Hakunitazama. Akasema, "Mtu akipita na kitoweo mkononi, na kiumbe cha Mungu kinamwangalia, afanye nini?" Kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi: "Faida alinishonea miaka yote ile."

Ikabidi aoshe mkono. Wakateremka ukutani wote, wakamletea ndoo, wakambebea mchanga. Mara saba, na mojawapo kwa udongo, ndiyo sheria ya mate ya mbwa, wote wanajua, hata Fiston ambaye ni wa kanisani. Wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, na walipofika nne Kapteni akaulamba tena, wakaanza upya kwa shangwe. Waliosha mkono wa kaka yangu mpaka adhana, na sijawahi kumwona mvumilivu namna ile. Akiwa anafuta mkono akatoa hukumu: "Mimi wananijua. Mwizi hawamjui. Kwa mwizi watabweka." Na kesho yake fundi akaja kupima kibanda.

Lakini Hamadi hakuwa mwenye mbwa. Mwenye mbwa alikuwa ndugu yako.

Jumapili iliyopita tukaondoa matanga yako. Turubai likafungwa mbele ya nyumba yako, viti vikapangwa, ndugu zako wamevuka kutoka Uvira wamevaa vitenge vya aina moja. Vitambaa nilivikata mimi, na vilishonwa na mtu mwingine, na mikono ilikuwa mibaya, mabega yamepanda. Ungefumua yote. Mimi nilikaa nyuma, kwenye benchi la majirani, kwa sababu sina damu yenu wala kanisa lenu. Kwetu arobaini yako ningeshaisoma na kuikunja zamani, kama ungekuwa wetu. Hapo katikati ndipo nimekaa mwaka mzima, sikuwa na pa kukulilia.

Mchungaji alihubiri. Ezekieli akasimama, akasema cherehani inakwenda kwa nani, masufuria kwa nani, kitanda kwa nani. Watu wakaitikia. Akasema mbwa wanakwenda kwa mzee wa Nyanza-Lac, na mzee akainua mkono, alikuwa amekuja na katoni ya kuwabebea. Kisha Ezekieli akasema, "Leo kilio kimekwisha. Anayetaka kusema neno la mwisho, aseme."

Nilisimama. Sijui miguu iliamua lini. Watu wakageuka wote, mwanamke wa buibui nyuma kabisa, na minong'ono ikaanza, maana mtaa mzima ulishajua mwanzi wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, ya kumshukuru kila mtu kwa cheo chake. Yakapotea. Nikasema, "Baba Ezekieli, nyie mmeondoa matanga yenu, na ni haki yenu. Mimi yangu bado. Mimi sikupewa turubai wala kitenge. Matanga yangu yana miguu minane na yamefungwa pale uani. Naomba usiyatie kwenye katoni."

Watu wakacheka. Sikuwalaumu, ningecheka na mimi. Ezekieli hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na ana macho yako, Faida, nilikuwa sijaona. Akashuka, akapita katikati ya viti mpaka kwenye benchi la majirani, akanishika mkono kama mnavyoshikana nyinyi wafiwa, kwa mikono miwili, akasema ili wote wasikie, "Huyu ni mudogo wa dada yangu. Tulimusahau kumukalisha mbele." Akanikalisha mbele. Yule mzee wa Nyanza-Lac akakunja katoni yake, akaikalia, akaomba Fanta nyingine.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa wanalala kwenye kibanda nje ya ukuta wetu, juu ya vipande vya vitenge. Jana walimbwekea mwizi wao wa kwanza, alikuwa ni mwalimu wa madrasa, na Hamadi ameomba radhi lakini nilimwona anajivuna. Watoto bado wanagombea mapoto. Kapteni jicho moja limeanza kuwa na ukungu, sitakuficha. Siku yake ikifika nitakuwa naye, na hatakuwa kwenye mnyororo.

Nyumbani kwako wameingia watu, mume na mke na mtoto mchanga. Wameweka mapazia ya kijani. Ni watu wazuri, wameniamkia.

Jioni tukifika getini kwako, mbwa wanasimama. Hawalii, hawakwaruzi. Wanakaa chini wanaangalia mlango, na watoto wote wananyamaza bila kuambiwa, hata Mwajuma. Siku ya kwanza mama wa nyumba alitoka kuuliza kama tunataka kitu. Nikamwambia hapana mama, tunapita tu. Siwavuti kamba. Tunangoja mpaka wao wenyewe wageuke.

Pumzika, dada yangu. Mungu wako na wangu akuweke pazuri. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kukulilia, hata kama wamesema kilio kimekwisha. Ninachokuahidi ni hiki: jioni watakaposimama, nitasimama nao. Na itakapofika jioni watakayopita mlango wako bila kugeuza kichwa, nitawapa watoto kamba watangulie, nisimame pale mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Zuhura